Mpiga Gitaa wa Mkono wa Kushoto

Ninyi vijana mnaokuja kwangu hapa Njoro kuniuliza magazeti ya muziki ya zamani yalitengenezwaje, kaeni kwanza. Anayetaka chai ajimiminie mwenyewe, maana magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Naona mnapenda kuuliza habari za waimbaji. Waimbaji sikuwajua sana. Niliowajua ni wasomaji, na hao niliwajua kama mama mwenye nyumba anavyowajua wapangaji wake.

Miaka ya hamsini nilifanya kazi Nakuru katika gazeti dogo la kila mwezi, Kinanda Chetu. Mwenyewe alikuwa Bwana Karsan, aliyekuwa na duka la gramafoni na santuri, akaona watu watanunua santuri zaidi wakisoma habari zake. Mhariri wetu, Bwana Zakaria, alikuwa mwalimu aliyeiacha chaki lakini chaki haikumwacha. Alisahihisha hata maneno ya watu waliokuja kumsalimu. Mzee Barasa alipiga picha na kuzisafisha. Mimi, Rispa, binti wa fundi wa reli niliyekulia landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, nilichukuliwa kwa sababu nilijua kupiga taipu. Nikapewa barua za wasomaji na maneno ya chini ya picha.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba gazeti la muziki haliuzi muziki. Karatasi haina sauti. Kijana analinunua ili aone watu anaotaka kuhesabiwa pamoja nao. Vijana wa reli walitaka kuona kofia iliyolazwa upande na saa mkononi. Vijana wa misheni walitaka tai na viatu vinavyong'aa, na ukiwawekea mpiga rumba ilikupasa utaje mahali kwamba aliwahi kuimba kwaya. Vijana wa mashamba, wale wa pareto na ngano huku Molo na Njoro, ndio walionishangaza. Tulidhani watapenda kujiona. Tukaweka jaladani kijana wa shamba na kaptura yake ya kaki yenye kiraka, na gazeti likalala dukani hata kwao. Walitaka kumwona mtu wa mjini, kisha wamwambie jirani, huyu namjua.

Wasichana nao mmeniuliza. Wasichana tulisimamishwa kando ya gramafoni, mkono juu ya kifuniko, utadhani tumeuzwa pamoja nayo. Nilimwambia Bwana Zakaria kwamba landhi kuna msichana anapiga gitaa kuliko kaka zake. Akasema wazazi watashtuka. Nikamuuliza wazazi gani, wakati wazazi hawasomi gazeti letu. Akanisahihisha sarufi.

Sasa kazi yenyewe. Kila mwezi tulikuwa na ukurasa ulioitwa Kundi la Mwezi, na hapo ndipo gazeti lilipoponea. Bendi, kwaya, chama cha kucheza dansi, wote waliota kutokea pale. Studio ya Mzee Barasa ilikuwa na koti moja jeusi. Koti lile lilivaliwa na nusu ya vijana wa Bonde la Ufa. Aliyekuwa mwembamba alibanwa mgongoni kwa pini za nguo, na aliyekuwa mnene aliambiwa asipumue. Asiyekuwa na viatu alikatwa magotini, maana picha ilianzia hapo kwenda juu. Kovu la usoni lilifutwa kwa brashi na wino mweupe. Ninyi leo mnafanya hayo kwa kidole mkiwa mmelala. Mzee Barasa aliyafanya kwa brashi ya manyoya machache, amebana pumzi, na hakuna aliyeruhusiwa kupita karibu na meza yake.

Ilikuwapo pia kazi ya kugeuza. Filamu ukiilaza upande wake wa pili kabla ya kuchapisha, wa kulia anakuwa wa kushoto na wa kushoto anakuwa wa kulia. Tulifanya hivyo mtu akiwa anatazama nje ya ukurasa, ili atazame ndani, kwenye maneno. Mzee Barasa alinifundisha kukagua vifungo vya koti kwanza, maana ukigeuza vinahamia upande wa kike. Alikuwa fundi hasa, lakini ng'ombe mwenye miguu minne huteleza. Aligeuza bendi ya vijana wa Njoro akasahau kwamba jina lao liliandikwa kwa rangi kwenye sanduku la ngoma. Likatoka kinyumenyume, kama neno la lugha ya kigeni. Walikuja ofisini wote, na sanduku lao, wamevimba. Wakati huo huo wasomaji walikuwa wakiandika kuuliza bendi ile mpya ya Kongo inapatikana wapi. Vijana wale walipoonyeshwa barua hizo wakabeba sanduku lao wakaenda zao, na kwa muda mrefu baadaye walikubali kuitwa Wakongo.

Nawachekesha kwa sababu ninayotaka kuwaeleza yananiuma, na nimekuwa nikiyazunguka.

Kulikuwa na kijana akiitwa Mwangi, mfanyakazi wa shamba la mzungu mmoja kule Sachangwan. Yeye na wenzake wawili, Cheruiyot wa ngoma na Wafula wa kugonga chupa, walikuwa na kabendi kao ka Jumapili. Waliteremka Nakuru juu ya magunia ya pareto, kwenye lori la shamba, wakaingia studio wamejaa vumbi hadi kwenye kope. Mwangi akavalishwa koti. Akashika gitaa. Akalishika kinyume. Hakuwa amebadilisha nyuzi. Gitaa lilikuwa la kawaida, la mkono wa kulia, yeye aliligeuza tu, nyuzi nzito zikawa chini, akapiga kwa mkono wa kushoto. Mzee Barasa aliacha kamera akasimama kusikiliza, na sikuwahi kumwona akiacha kamera kwa ajili ya mtu. Lilikuwa na mlio wake, kama mtu anayezungumza huku anacheka. Nilimpenda kijana yule palepale, kwa jinsi msichana anavyompenda mtu asiyemjua, na sioni haya kusema hivyo sasa.

Picha ilipofika mezani, Bwana Zakaria aliikataa. Mnajua mkono wa kushoto kwetu ni wa kazi gani. Mtu hapewi chakula kwa mkono ule, wala hasalimiwi nao. Alisema tukimweka hivyo jaladani, shule za misheni zitaona tunawafundisha watoto utovu wa adabu. Hakusema kwa ubaya. Mzee Barasa naye hakubisha. Aliilaza filamu upande wa pili, akahamisha vifungo kwa brashi, akafuta kovu dogo juu ya nyusi, na Mwangi akatoka anapiga kwa mkono wa kulia kama mtoto aliyelelewa vizuri. Magoti kwenda chini hayakuwapo, maana alikuja pekupeku.

Gazeti lile liliisha upesi kuliko yote. Barua zilikuja kutoka Kisumu, Eldoret, Thika. Vijana wa reli waliandika kwamba yule lazima ni mtoto wa reli. Wanakwaya wakasema anaonekana ameokoka. Nilizisoma nikifurahi, kwa kuwa ndiyo kazi tuliyokuwa tunaitafuta, kila kundi lione ni mtu wao.

Kisha Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni ikabana. Ninyi mmeisoma shuleni, sisi tuliiona kwenye stesheni. Wakikuyu waliondolewa katika mashamba ya wazungu kwa malori, na vitu vyao vimefungwa kwenye blanketi, kuku wakiachwa uani. Mtu bila pasi hakutembea. Barua za wasomaji kutoka Molo na Elburgon zilipungua, halafu zikakoma, na Bwana Karsan akauliza kwa nini mauzo ya huko yameanguka.

Siku moja mchana aliingia mwanamke wa makamo, kitambaa cheupe kichwani, pasi yake ameishika mkononi kabla hajaulizwa. Alikuwa Mama Mwangi. Yeye mwenyewe alikuwa yaya wa watoto wa mzungu kule Keringet, na kwa sababu hiyo tajiri wake alimwombea abaki. Mwanawe alichukuliwa Sachangwan pamoja na wengine. Alikuwa ameuliza kila mahali mama anapoweza kuuliza, akaambiwa aende nyumbani. Akatoa ukurasa wa gazeti letu uliokunjwa vizuri.

"Binti yangu, naambiwa hii gazeti inasomwa na vijana wote," aliniambia. "Mimi natafuta mmoja tu."

Nilimkalisha kwenye benchi. Alilainisha ukurasa juu ya goti lake, akauwekea kidole. Akasema, "Hii mkono si yake. Yeye ni wa kushoto tangu azaliwe, nilimchapa mpaka nikachoka. Lakini sura ni yake. Wekeni tu."

Tungewekaje? Gazeti la muziki kutangaza kwamba linamtafuta mtu aliyechukuliwa na serikali, wakati ule, lingefungwa kabla wino haujakauka. Nilikaa na jambo hilo, nikapata njia. Tungefanya shindano. Picha ya Mwangi peke yake, bila jina, na maneno makubwa: Nani Anamjua Mpiga Gitaa Huyu? Kundi litakalosema yuko wapi litapewa santuri mpya. Bwana Karsan alipenda, kwa sababu ya santuri. Bwana Zakaria alielewa shindano ni la kumtafuta nani, akakubali. Nawaomba mkumbuke hilo. Alikuwa na watoto watano, na alikubali.

Picha ilikuwa ile ile iliyogeuzwa. Siku zile picha ilichorwa kwanza kwa dawa kwenye bamba la zinki, tukiliita bloku, na bloku zilitengenezwa Nairobi kwa gharama kubwa. Bwana Karsan hakutaka kusikia habari ya kutengeneza nyingine ya mtu yule yule. Basi nikasema nitarekebisha kwa maneno. Chini ya picha niliandika kwamba mpiga gitaa huyu hutumia mkono wa kushoto. Bwana Zakaria alivuta kalamu nyekundu akayafuta.

Nilimfuata hadi mezani kwake. Nilimwambia mama yule anatafuta mtoto, na bila mkono ule hana alama. Alifunga mlango.

"Hiyo alama ndiyo ninayoiogopa," alisema. "Shindano halitaji alama za mtu. Polisi ndio hutaja alama. Wakiisoma hiyo watajua tunatafuta nani."

Halafu akaongeza jambo la pili, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba tukiandika kushoto chini ya picha ya kulia, kila bendi itajua kwamba tunageuza. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili lililomsukuma zaidi. Nimeishi miaka mingi nikiyapima na bado sijui.

Majibu yalikuja kwa magunia. Nawaambia magunia, karani wa posta alinichukia. Vijana wa landhi ya Kisumu waliapa kwamba huyu alipiga kwenye dansi yao na sasa ni mpakaji rangi wa mabehewa. Chama cha dansi cha Thika kilisema ni mwenyekiti wao. Kwaya moja ya Kakamega ikasema huimba sauti ya tatu na ameoa juzi. Eldoret, Naivasha, Gilgil, kila mahali alikuwapo, mzima wa afya na amevaa koti. Wengine walitaka santuri tu, hilo liko wazi. Lakini wengi hawakudanganya. Walimtazama na kweli wakamwona kijana wao.

Mama Mwangi alikuja siku yake ya mapumziko nikamsomea, moja baada ya nyingine. Kila nilipomaliza aliuliza wanasema ni mkono gani. Nilisema hawakutaja. Alitikisa kichwa nikafungua nyingine. Mzee Barasa alichukua likizo yake akaenda Kisumu kwa ajili ya barua iliyoonekana ya kweli. Alimkuta fundi cherehani mcheshi, ana umbo kama la Mwangi, aliyemkaribisha samaki. Aliporudi alipita moja kwa moja hadi chumba cha giza akajifungia, na tukasikia maji yakitiririka muda mrefu bila picha yoyote ya kuosha.

Hapo ndipo nilipoona kazi yetu ilivyokuwa. Tulimfuta kovu, tukamkata miguu, tukamgeuza mkono, tukamvika koti la kila mtu, ili kila kundi liseme ni wetu. Likasema. Mama aliyehitaji mmoja akapewa mia. Nililia ofisini mbele ya watu, na Bwana Zakaria akanipa leso yake bila kunisahihisha lolote.

Tangu hapo nikawa na mazoea ambayo wenzangu waliyaona ni wazimu. Kila kijana aliyeingia ofisini, awe ameleta tangazo au shairi baya, nilimuuliza kama amewahi kumwona mpiga gitaa wa mkono wa kushoto. Wengi walicheka. Mmoja alidhani ninamchumbia.

Hali ya Hatari ilikuwa imeanza kulegea alipokuja kijana mmoja nadhifu, Simiyu, mtu wa Bungoma. Alikuwa dresa, yaani yule wa kusafisha na kufunga vidonda, katika hospitali ndogo ya misheni, mbali na huku, na sasa alikuwa amehamia Nakuru. Yeye na madresa wenzake walikuwa na chama cha dansi. Alileta picha yao, aombe Kundi la Mwezi. Nikamuuliza swali langu, nikiwa hata sijainua kichwa kutoka kwenye taipu. Hakucheka. Nilipoinua kichwa, alikuwa amevua kofia.

Alisema walikuwa na mmoja wodini. Mgonjwa huyo aliletwa kutoka kambi ya kizuizini akiwa na ugonjwa wa kifua, na jina alilotumia lilikuwa la kuazima, kama wengi wakati ule. Mpishi wa hospitali alikuwa na gitaa, akamwazima. Wakati huo huo gazeti letu lilikuwa likifika kwao, madresa walilinunua kwa kuchanga.

Nilimuuliza kama waliona shindano. Nilijua jibu kabla hajanijibu, na bado niliuliza.

"Tuliona," alisema. "Mimi ndiye nilisema huyu anafanana na yule wetu. Tukabishana. Halafu mmoja akasema, angalia mkono. Huyu ni wa kulia, yule wetu ni wa kushoto. Tukafunga gazeti."

Nikamuuliza kwa nini hakumwonyesha mgonjwa mwenyewe. Alisema walishaona si yeye, akawaza amsumbulie nini mtu anayekohoa damu. Mgonjwa aliishi mpaka mvua za masika zilipokwisha. Siku zake za mwisho alimtajia Simiyu jina lake la kweli, Mwangi, na kwamba ana mama Keringet. Simiyu alimwambia mkubwa wake, mkubwa akasema habari za watu wa kambi ni za serikali kupeleka. Hazikupelekwa.

Mngependa niwaambie kwamba Mzee Barasa aliposikia alivunja brashi zake. Hakuvunja. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka jioni, na wiki iliyofuata aligeuza picha nyingine, kwa sababu ndiyo kazi na alikuwa na watu wa kulisha. Lakini tangu siku ile hakupenda tena kunifundisha kitu.

Mimi na Simiyu tulikwea Keringet kwa lori la maziwa. Baridi ya kule mnaijua. Tulimkuta Mama Mwangi anaanua nguo za watoto wa mzungu. Alituona tunakuja wawili, akaitia nguo aliyoishika kwenye kikapu, akajipangusa mikono, akangoja. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Simiyu ndiye aliyesema, kwa heshima, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwapo. Alimweleza ugonjwa, na kwamba kitanda chake kilikuwa dirishani, na kwamba alizikwa kwa maombi chini ya jina la kuazima, lakini yeye Simiyu analijua kaburi na anaweza kumpeleka.

Mama Mwangi hakulia wakati ule. Aliuliza kama huko alikuwa na gitaa. Simiyu akasema lilikuwapo la mpishi.

"Alipiga na mkono gani?"

"Kushoto, Mama."

"Na hamkumkataza?"

"Hatukumkataza. Wagonjwa walikuwa wanageuka kitandani wamtazame."

Alikubali kwa kichwa, mara kadhaa, polepole. Nilikuwa nimembebea nakala safi ya gazeti, ile yenye picha ya shindano, nimeifunga kwa karatasi ya kaki, kwa sababu nilidhani mama atataka picha ya mwanawe na hatukuwa na nyingine, filamu yenyewe ilishapotea. Nikamnyoshea kwa mikono miwili. Aliifungua, akaitazama kidogo, akaifunga tena vizuri kama nilivyoifunga.

"Rudi na hiyo, binti yangu," alisema. "Huyo ni wa watu wengi. Wangu ni yule huyu kijana anamjua."

Akamshika Simiyu mkono, akaketi naye chini kando ya kikapu cha nguo, akamwambia aanze tena, tangu siku ile mwanawe alipoingia wodini. Nami nikasimama pale na gazeti langu, nikisikiliza.